Dakika Nne za Behewa

Siku Nukta alipomcheka Behewa mbele ya watu, hakuwa na chuki naye. Hata kumjua hakumjua. Behewa lilikuwa jina tu kwenye jukwaa la mtandaoni, na asubuhi hiyo Nukta alikuwa na usingizi, chai ilikuwa haijaiva, na bosi alikuwa anadai ripoti ambayo hata kuianza hajaianza. Mtu akiwa katika hali hiyo, ulimi huchomoka wenyewe.

Nukta alikuwa mwandishi wa programu katika ofisi ya watu wanne, ghorofa ya pili, juu ya duka la kukata vioo. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu ya kimo chake, na pia kwa sababu kwenye kompyuta za ukoo wa Unix, faili ambalo jina lake linaanza kwa nukta huwa halionekani mpaka ulitafute kwa makusudi. "Jamani, Nukta kaja leo?" walikuwa wakiulizana, na mwenyewe yupo palepale nyuma ya skrini anawasikiliza. Alishazoea. Hata mama yake nyumbani alikuwa ameanza kumwita hivyo.

Kazi ya ofisini ilikuwa ya tumbo. Ya moyoni ilikuwa Kinywa, programu aliyoiandika peke yake na kuitoa bure kwa watu wasioweza kusema. Mtu alibofya kitufe chenye sentensi, au aliandika maneno yake, na kompyuta ikamsemea. Mwanzoni sauti ilikuwa ya mashine, sauti isiyo na baba wala mama. Baadaye Nukta akaongeza jambo lililompa sifa: mtu anayejua kwamba sauti yake itaondoka, kwa ugonjwa au kwa kisu cha daktari, aliweza kujirekodi mapema, sentensi moja moja, kisha Kinywa kikamsemea kwa sauti yake mwenyewe.

Mama yake hakujua kompyuta inaanzia wapi na inaishia wapi, lakini hilo alilielewa vizuri kuliko ofisi nzima. "Watoto wa wenzangu wanauza simu," aliwaambia ndugu kila walipokutana. "Wangu anagawa sauti." Nukta alijifanya anaona haya, huku anasogea ili asikie vizuri.

Basi asubuhi ile ya usingizi alikuta ujumbe wa Behewa jukwaani, mahali ambapo watumiaji wote waliweza kuusoma.

"Dada mwandishi, salaam. Kinywa kinanisaidia sana, na ninashukuru. Nina ombi moja. Programu yako inaweka vitu vyake vyote katika folda moja, .kinywa, katikati ya sebule ya mtumiaji, yaani kwenye folda lake la nyumbani. Kila programu ikifanya hivyo, mwenye nyumba hana pa kukanyaga. Kwangu nimehesabu vitu sitini na vitatu vya namna hiyo. Upo utaratibu unaokubalika. Mipangilio iende .config. Vitu vya mtumiaji mwenyewe, visivyoweza kutengenezwa upya, viende .local/share. Vya muda, ambavyo vikifutwa hakuna atakayelia, viende .cache. Na kama mwenye nyumba ameelekeza kwingine, programu imtii. Hapo mtu anajua kipi akiweke akiba na kipi akitupe. Naomba ulifikirie."

Ulikuwa ujumbe wa mtu mzima, ulioandikwa polepole. Nukta aliusoma nusu. Akaona neno "sebule", akaona "sitini na vitatu", akawaza: huyu mzee hana kazi, anahesabu folda. Vidole vikaandika:

"Mzee, nukta iliwekwa mbele ya jina kwa sababu hiyohiyo: fujo isiyoonekana si fujo. Ukipenda usafi sana, nunua ufagio. Halafu wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kinywa ndiye mgeni. Wewe pona tu."

Watu arobaini na mmoja waliweka alama za kucheka. Ofisini waliusoma kwa sauti, na mwenzake wa meza ya pili akalikariri lile la ufagio wiki nzima. Behewa alijibu neno moja: "Nimekuelewa." Akanyamaza.

Miaka miwili ikapita. Kinywa kikazidi kusambaa, mpaka kundi moja linalotengeneza mfumo mzima wa kompyuta, unaotumika mashuleni na hospitalini, likamwandikia Nukta. Walitaka kukiingiza Kinywa ndani ya mfumo wao. Sharti lilikuwa moja: kifuate utaratibu wa mahali pa kuweka mafaili. Waliuandika utaratibu wenyewe, na ulikuwa uleule wa Behewa, neno kwa neno karibu.

Nukta hakumkumbuka Behewa. Alikumbuka tu kwamba hospitalini wangekitumia Kinywa, na kwamba mama yake angepata la kusema mwaka mzima. Akaifanya kazi hiyo Jumamosi asubuhi, baada ya kuanika nguo na kabla ya kwenda kwa shangazi, mama akiwa tayari mlangoni na mkoba begani.

"Nukta, shangazi yako hatungojei mpaka kesho."

"Namaliza, Mama. Dakika kumi."

Mipangilio aliipeleka .config. Orodha ya sentensi za mtumiaji akaipeleka .local/share. Vyote viwili sahihi. Likabaki folda dogo la sauti. Hapo akakumbuka jinsi Kinywa kilivyokuwa siku za mwanzo: sauti zote zilitengenezwa na mashine, na zikifutwa, mashine inazitengeneza tena kwa sekunde moja. Kwa hiyo ni vitu vya muda. Akaandika mstari mmoja wa kuzipeleka .cache, na mwingine wa kufuta folda la zamani baada ya kuhamisha.

Alichosahau ni kwamba yeye mwenyewe, alipoongeza uwezo wa kujirekodi, alikuwa amezitupia sauti za watu ndani ya folda lilelile la sauti za mashine. Siku hiyo ilikuwa rahisi hivyo. Kila siku ilikuwa rahisi hivyo.

Akafunga kompyuta, wakaenda kwa shangazi. Jumatatu akatangaza toleo jipya: "Sasa Kinywa kinafuata utaratibu kikamilifu." Miongoni mwa pongezi ulikuwamo ujumbe mfupi wa Behewa: "Ahsante. Nilikuwa nimeweka kanuni ya pekee ya kulinda folda la .kinywa katika nakala zangu za akiba. Leo nimeifuta. Sasa kinaingia akiba pamoja na wenzake."

Nukta alipouona jina lilimrudia, na akacheka puani. Kumbe mzee amenuna miaka miwili kwa ajili ya ufagio.

Miezi mitano baadaye, Jumatatu asubuhi, akakuta ujumbe mwingine jukwaani. Haukuandikwa na Behewa.

"Mimi ni binti wa mtumiaji wenu aitwaye Behewa. Baba alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, baadaye msimamizi wa kompyuta za stesheni hiyohiyo. Miaka mitatu iliyopita alitolewa kikoromeo. Kabla ya hapo alijirekodi sentensi mia nne na kumi. Juzi Jumamosi nilifunga ndoa. Baba alikuwa amerekodi hotuba ya dakika nne kwa ajili ya siku hiyo, wakati huo hata mchumba sikuwa naye. Alisimama, akabofya, Kinywa kikasema: 'Faili halipo.' Akabofya tena, kikasema tena. Tulikuwa watu themanini ukumbini. Tumeangalia, na sentensi nyingi nyingine hazipo. Tunaomba msaada."

Ungedhani moyo wa Nukta ungeshtuka hapohapo. Haukushtuka. Alikuwa amesoma malalamiko mengi mno katika miaka yake, na kila lalamiko kwake lilikuwa kosa la mtumiaji mpaka lithibitishwe vinginevyo. Akaandika kikombe kikiwa mkononi:

"Hongera kwa ndoa, na pole. Mafaili yaliyo kwenye .cache ni ya muda, na mfumo unaweza kuyafuta wakati wowote. Tunawashauri watumiaji wawe na nakala za akiba. Je, mlikuwa nazo?"

Jibu lilikuja baada ya dakika ishirini.

"Baba ana nakala za kila siku, wiki nane nyuma. .cache haimo, kwa kuwa ni mahali pa takataka. Hakuna anayewekea takataka akiba. Yeye hauulizi mfumo kwa nini ulifuta. Anauliza sauti yake ilifikaje .cache."

Nukta aliweka kikombe chini. Akafungua msimbo wa Kinywa, akateremka mpaka kwenye mistari ya ile Jumamosi, na akaukuta pale, mstari mmoja mfupi, wenye jina lake na tarehe pembeni.

Akaona yote kwa mpigo, jinsi jambo moja lilivyoshika mkono wa jingine. Mfumo wa yule mzee ulikuwa unafagia .cache kila kompyuta inapowashwa, ukitupa chochote ambacho hakijaguswa kwa siku tisini. Sentensi za kila siku, "naomba maji," "ahsante," "nani huyo mlangoni," zilisalimika kwa sababu aligusa vitufe vyake kila siku. Zilizofutwa ni zile ambazo mtu hazisemi kila siku: za ndoa, za kufariji mfiwa, za mtoto atakayezaliwa. Alizokuwa amejiwekea. Na nakala za akiba zilizokuwa na folda la zamani zilishapitwa na wiki nane, zikajifuta zenyewe, kabla hata ufagio haujaanza.

Laiti asingefuata utaratibu, sauti zingekuwepo. Laiti angeufuata sawasawa, sauti zingekuwepo. Yule mzee alizipoteza kwa sababu aliamini tangazo la Nukta.

"Vipi, Nukta?" mwenzake wa meza ya pili akamuuliza. "Umekuwa kama umemwagiwa maji."

"Kichwa tu."

Hapa ndipo kuna sehemu ambayo Nukta, alipokuja kuisimulia baadaye, aliisimulia akiangalia chini. Alijua la kufanya. Faili likifutwa kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, halitoweki papo hapo. Hubaki palepale mpaka kompyuta iandike kitu kingine juu yake. Kwa hiyo kilichotakiwa ni sentensi moja tu: zimeni kompyuta sasa hivi, msiiguse mpaka nije. Watu kumi wa kazi yake wangeiandika katika dakika hiyohiyo.

Yeye hakuiandika. Kuiandika kungekuwa kukiri. Badala yake alirudi nyuma miaka miwili na nusu, akalitafuta lile jibu lake la ufagio, akalifuta. Halafu akafunga jukwaa, akaaga kwamba anaumwa, akarudi nyumbani akiambaa ukuta kama mtu aliyekopa mtaa mzima.

Alikaa kwao Jumatatu hiyo, na Jumanne yote. Mama alimletea uji, akamgusa paji la uso, hakuona homa. Jumanne alasiri simu ya mama ikalia sebuleni. Alikuwa yule shangazi. Nukta alisikia kupitia mlangoni: "Yupo, amelala kidogo. Kazi nyingi, mwenzangu. Unajua hospitali sasa zinatumia ile ya kwake? Watu waliokatwa koo kabisa, wanaongea." Mama akacheka kwa furaha, kicheko cha mtu aliyelea mtoto peke yake na sasa anayaona matunda.

Nukta alijifunika shuka mpaka usoni. Alitamani godoro limmeze. Akawaza: kule kwao, kompyuta imewashwa. Inaandika. Kila saa ninayolala hapa inaandika juu ya yule mzee.

Jumatano alfajiri ndipo alipoandika. "Zimeni kompyuta. Kosa ni langu, si la mfumo wala la Baba. Nitakuja kujaribu kuyaokoa mafaili, mkiniruhusu." Binti akajibu kwa kumpa anwani, mtaa wa nyuma ya karakana ya treni, na maneno mawili: "Saa nne."

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, na ndani kila kitu kilikuwa na mahali pake. Funguo zilining'inia kwa ukubwa, kutoka mkubwa hadi mdogo. Magazeti yalifungwa kwa kamba kwa miezi. Mezani kulikuwa na kompyuta ya zamani, imezimwa, na kando yake kishikwambi kidogo kilichokuwa kikinakili sauti kutoka humo, ambacho mzee alikitumia kuzungumzia. Binti, mfamasia, mwanamke mrefu mwenye hina ya arusi bado vidoleni, alimfungulia mlango bila kumpa mkono.

"Shikamoo, Baba," Nukta alisema.

Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni. Akamtazama kitambo. Akabofya.

"Karibu. Keti."

Ilikuwa sauti yake. Nzito, tulivu, kila silabi imepewa haki yake, sauti iliyowahi kuwaambia watu maelfu waondoke ukingoni mwa reli wakaondoka. Nukta alikuwa hajawahi kumsikia mtu yeyote akizungumza kupitia kazi ya mikono yake, uso kwa uso. Akaketi.

Kisha mzee akaanza kuandika, na kilichofuata kilitoka kwa sauti ya mashine, kwa maana maneno hayo hakuwahi kuyarekodi.

"Ujumbe wa binti yangu uliujibu Jumatatu. Wa kuzima kompyuta umekuja leo. Kwa nini?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Niliona aibu," Nukta alisema.

"Ulijua kwamba kila saa inaharibu?"

"Nilijua."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeandika tarehe. Akachukua bahasha kutoka kwenye rafu, akatoa karatasi, akaiweka mezani mbele yake. Ulikuwa ukurasa wa jukwaa, umechapishwa: ombi lake la sebule, na chini yake jibu la Nukta la ufagio, na idadi ya vicheko, arobaini na kimoja.

"Hili nalo nimeona limefutwa," mashine ilisema. "Hili nililiwekea akiba."

Nukta angeomba radhi, lakini maneno yote ya kuomba radhi yalikuwa madogo, na alijua kwamba yakitoka yatakuwa kwa ajili yake mwenyewe, ili aache kuungua. Akasema tu, "Nilifuta mimi. Juzi. Nitalirudisha."

"Fanya kazi," mzee aliandika. Akageukia dirisha.

Alifanya kazi tangu saa nne na nusu mpaka saa kumi na moja jioni. Aliitoa diski, akaiunganisha kwenye kompyuta yake bila kuruhusu lolote kuandikwa juu yake, akaanza kuikwangua kipande kwa kipande akitafuta alama za mafaili ya sauti. Binti alileta chai, akaiweka mbali na waya, akaondoka. Mzee alikuja mara mbili akatazama skrini. Mara ya pili aliweka kidole juu ya mstari mmoja wa amri ambao Nukta alikuwa amekosea herufi, akasubiri mpaka aurekebishe, akarudi kiti chake.

Kati ya sentensi mia mbili na themanini na nane zilizofutwa, zilirudi mia moja na sita. Nyingine zilirudi vipande. Alipoona kwenye orodha faili refu kuliko yote, alijua ni lipi, na hakutaka kuwa wa kwanza kulisikia.

"Hii nafikiri ni hotuba," alisema. "Haijatimia."

Binti alikuja akasimama nyuma ya kiti cha baba yake. Nukta akabofya.

Ilianza katikati. "...kwa hiyo wewe, utakayekuja kumchukua, sikujui na sijakuona, lakini nakuomba jambo moja. Huyu akinyamaza, usifikiri hana la kusema. Mama yake alikuwa hivyohivyo. Msubiri. Mimi nilichelewa sana kujifunza kusubiri, na siku nilipo..." Hapo ukaingia mkwaruzo, kisha kimya. Sekunde thelathini na nane. Iliyobaki ilikuwa imeandikwa juu, na Nukta alipoangalia alama za muda kwenye vile vipande vilivyoifunika, aliona viliandikwa lini. Vingi vya Jumapili. Kimoja kikubwa cha Jumanne, mchana.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu chumbani aliyekuwa anaitazama safu hiyo isipokuwa yeye.

"Sehemu moja ilipotea Jumanne," alisema. "Ningewaambia Jumatatu mzime, ingekuwepo. Siwezi kujua ilikuwa na urefu gani. Labda dakika nzima."

Binti alijifunika mdomo kwa kiganja. Mzee akainuka, akapita kati yao akatoka uani, na kupitia dirishani Nukta alimwona amesimama karibu na kamba ya nguo, anazipanga pini za nguo, moja baada ya nyingine, zikielekea upande mmoja.

"Nenda sasa," binti alisema, bila ukali. "Umefanya ulichoweza leo. Lakini nenda."

Nukta alinakili vyote vilivyookolewa mahali pawili, akaandika kwenye karatasi viko wapi, akaondoka.

Jioni hiyo alimweleza mama yake. Alianza kwa kuzunguka, folda, mfumo, mafaili, mpaka mama akamkatisha: "Sema kama unavyoongea na mimi." Ndipo aliposema: kuna mzee aliniachia sauti yake nimwekee, nikaiweka jalalani, wakaja wazoa taka. Aliwahi kunionya, nikamcheka. Na nilipojua, nilijificha siku mbili, na hizo siku mbili zimemla zaidi.

Nukta alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa kutetewa. Hakujiandaa kwa kile alichokiona, mama akitazama simu yake iliyokuwa mezani, akiwaza ni watu wangapi amewasimulia.

"Juzi, wakati nakuletea uji," mama alisema mwishowe, "ulikuwa unajificha?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nikadhani ni malaria." Akainuka akaanza kukusanya vyombo, na hakusema zaidi usiku huo wala asubuhi yake.

Alhamisi Nukta aliandika jukwaani. Alilirudisha jibu la ufagio mahali pake, kama lilivyokuwa, na chini yake akaeleza: mstari upi, tarehe ipi, nani aliyeandika, nani aliyeonya, na siku mbili alizojificha. Hakuweka neno "bahati mbaya". Akaliandikia lile kundi la mfumo mkubwa wasimamishe toleo lake. Wakatokea watumiaji wengine tisa waliopoteza sauti, na akawaandikia kila mmoja peke yake. Wawili hawakumjibu. Mmoja, mke wa mtu ambaye alishafariki, alimwandikia barua ndefu ambayo Nukta aliisoma mara moja na hakuweza kuirudia.

Mwenzake wa meza ya pili alikuja akasimama karibu naye, akakwaruza ukingo wa meza kwa ukucha. "Na mimi nilicheka ile siku," alisema. "Wiki nzima." Nukta akasema ndiyo.

Marekebisho hayakuandikwa na Nukta. Kabla hajayamaliza, yalifika kutoka kwa Behewa: mistari kumi na tisa, safi, inayozipeleka sauti za watu .local/share, inayomtii mwenye nyumba kama ameelekeza kwingine, isiyofuta chochote bila kuuliza. Maelezo yake yalikuwa sentensi moja, "Sauti zilizorekodiwa haziwezi kutengenezwa upya." Nukta aliyapitia mstari kwa mstari akitafuta pa kusahihisha, kwa mazoea, hakupaona. Akayapokea. Aliandika shukrani ndefu, akaifuta, akaandika "Ahsante, Baba," na hilo likabaki bila jibu.

Miezi ilipita kabla hajamwona tena. Alikuwa amekwenda kumchukulia mama dawa ya presha, katika duka kubwa la dawa karibu na soko, na foleni ilikuwa inajipinda mpaka mlangoni. Mtu wa tatu mbele yake alikuwa na kitambaa cheupe shingoni. Nukta alifikiria kutoka, arudi kesho. Mlango ulikuwa hatua mbili tu. Mzee akageuka kabla hajaamua.

"Shikamoo, Baba," alisema, na sauti ilimtoka ndogo.

Mzee alikibofya kishikwambi. "Marahaba," kikasema, kwa ile sauti yake nzito, na watu wawili kwenye foleni wakageuka kuitafuta ilikotoka.

Kisha akaanza kuandika. Aliandika kwa kidole kimoja, akasimama, akafuta, akaandika tena. Foleni ikasogea. Akasogea nayo bila kuinua macho, bado anaandika, na Nukta akasogea nyuma yake, anasubiri. Kule mbele wakaita namba. Ilikuwa ya mzee. Alitazama dirisha la dawa, akatazama alichoandika, akakiweka kishikwambi kwapani akaenda kuchukua dawa zake. Alipomaliza alitokea mlango wa upande wa pili, ulio karibu na dirisha, kama watu wote wanavyotokea pale.

Nukta alibaki kwenye foleni. Hakujua kama yalikuwa maneno ya msamaha, au ya lawama aliyokuwa hajaimaliza, au habari tu za binti yake. Namba yake ilipoitwa ilibidi waiite mara mbili.